Mwalimu, Hukunikosoa Hata Siku Moja

Mwalimu Sospeter,

Leo sikuamkii. Shikamoo yako ninayo mdomoni, maana mama alinilea vizuri, lakini siitoi. Umelala kule makaburini, huwezi kuniitikia marahaba, na hata ungeweza nisingeitaka. Nimekasirika, Mwalimu. Nimekasirika tangu siku tuliyokuzika, na watu wanadhani ninaomboleza. Wanapita nyumbani, wananishika bega, wananiambia, "Pole Minza, alikuwa baba yako yule." Nawaitikia asante. Wakiondoka nasugua sufuria mpaka mama anauliza imenikosea nini.

Barua hii haina pa kwenda, najua. Sijali. Kuna maneno nilitakiwa kukwambia usoni, wewe ukanikimbia. Unaanguka na presha kwenye cherehani asubuhi, mchana umekwisha, jioni tunapanga viti vya msiba. Nani kakuruhusu?

Nikupe habari za huku kwanza, nisije nikaonekana sina adabu kabisa. Fremu yako pale Igogo ameshaingia kijana anayeuza makava ya simu, na amepaka ukuta rangi ya zambarau ambayo ungeitukana. Cherehani zako zote mbili shemeji yako amezibeba kwenda Sengerema. Nguo ambazo hukuzimaliza zilirudishwa kwa wenyewe zikiwa bado na pini. Gauni la mama yangu ni mojawapo: mkono mmoja upo, wa pili haupo. Amelitundika chumbani hivyo hivyo, na kila akilitazama anasema, "Huyu baba hata kufa amekufa na nguo ya mtu." Halafu anacheka, halafu anafuta macho. Mama yangu amekusamehe. Mimi sijakusamehe.

Kwaya ipo. Ulidhani itakufa na wewe? Ipo, tunafanya mazoezi Jumatano na Jumamosi kama kawaida, kwenye ukumbi ule ule nyuma ya kanisa. Mama Sabina, tunavyomwita kwa heshima ingawa Sabina ni jina lake mwenyewe, ndiye anatufundisha kwa sasa. Nikifika kwake nitakueleza, na hapo ndipo nitakapopandisha sauti, kwa hiyo jiandae.

Unaikumbuka siku ya kwanza? Usijifanye umesahau. Nilikuwa kidato cha nne, nimekuja mazoezini na sketi ya shule, mvua inapiga bati mpaka hatusikiani. Mama Koku hakuja, ukaniambia nishike ubeti wake. Nikaimba. Ukaacha kinanda. Ukafumba macho, ukavuta ndewe ya sikio lako la kulia, ukainamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza kitu kilichoko nje ya dirisha. Wenzangu walikuwa wanakunja viti. Ukanisogelea, ukasema polepole, "Binti, sauti hii haikuumbwa iishie Igogo."

Ungelisema neno hilo kwa sauti kubwa ningeona ni maneno ya kutia moyo, yale tunayoambiwa watoto wote. Wewe ulininong'oneza. Ndiyo maana nililiamini.

Unajua ulinifanya nini? Nilipanda njia ya nyumbani kule juu kwenye mawe, mvua imekatika, kila kitu kinatoa mvuke, na nikaanza kuwaaga watu bila wao kujua. Yule mama anayeanika dagaa, namuaga. Vijana wanaoziba pancha, nawaaga. Ziwa lenyewe, ambalo nililiona tangu nazaliwa, jioni ile lilionekana dogo, la kuacha nyuma. Tangu siku hiyo nilikuwa nikiosha vyombo nahojiwa redioni. Jagi la maji ndilo lilikuwa mtangazaji. Linaniuliza nimetokea wapi, nami nalijibu kwa unyenyekevu kwamba nimetokea Mwanza, Igogo, maisha yalikuwa magumu sana. Wala hayakuwa magumu hivyo, Mwalimu. Baba alikuwa na kazi yake, tulikula samaki, tulikuwa na umeme. Niliyafanya magumu ili hadithi inoge.

Na nilikuwa nawaonea huruma wanakwaya wenzangu. Hili naona aibu kuliandika, lakini wewe umekufa, utamwambia nani? Nilikuwa namtazama Mama Koku na vitumbua vyake, namtazama Mama Sabina na nyanya zake, nasema moyoni: masikini, hawa wao ndio basi tena, wataimbia hapa mpaka wazeeke. Nikawa nawasalimia kwa upole kupita kiasi, kama mtu aliyekwisha kukata tiketi anavyowasalimia wanaobaki stendi.

Kisha nikachaguliwa kwenda chuo cha ualimu, Tabora. Nilikuja kukwambia dukani kwako, nimeshika mkoba, nusu nimefurahi. Ulikuwa unapiga pasi suruali ya mtu. Hukuinua hata uso. Ukasema, "Chuo kipo tu, Minza. Mwakani tunakwenda Dar kurekodi, na sijui ubeti wa kwanza nitampa nani." Ni hivyo tu. Hukunikataza, na hiyo ndiyo hila yenyewe, hukunikataza hata kidogo. Ulinionyesha tu kwamba kuna nafasi yangu, ukaendelea na pasi yako.

Nikaacha chuo.

Mama alikaa karibu mwezi hasemi na mimi ila "chakula" na "funga mlango." Siku aliponifungulia mdomo aliniambia, "Afadhali mwalimu wako huyo angekutongoza. Ningejua pa kumpeleka." Nilimwona mama mshamba. Leo ndiyo nimemwelewa. Mwanaume anayetongoza binti wa watu ana mashitaka yake, ana wazee wa kumkalisha kikao. Wewe ulichonifanyia hakina jina, hakuna mahali pa kukupeleka.

Dar hatukwenda. Mwakani ikawa mwakani mwingine. Badala yake tukarekodi hapa hapa mjini, kwenye studio ile yenye magodoro ukutani, na hapo ndipo nilipopaswa kufumbuka macho. Nilikuwa na mafua kidogo siku ile. Kidogo tu! Ukaniambia, "Pumzika, usiiumize sauti, Sabina atakushikia ubeti wako kwa leo." Kwa leo. Mama Sabina akaingia kwenye kile chumba, akavaa vile vya masikioni, akaimba. Mimi nilikuwa nje nakunywa chai ya tangawizi, nimejifunga mtandio shingoni kama mgonjwa mashuhuri.

Ikaja siku ya video. Unakumbuka tulivyopanda majabali ya ufukweni na sare za bluu, viatu mkononi, spika inapiga wimbo wetu wenyewe na sisi tunafuatisha kwa midomo? Ukaniweka mbele. Mimi niliyekuwa mwembamba, niliyesuka nywele vizuri, ukaniweka juu ya jiwe kubwa kuliko yote, ziwa nyuma yangu, upepo unavuta sare. Mama Sabina ukamweka mstari wa nyuma, upande, na mimba yake ya kwanza ilikuwa haijaanza hata kuonekana. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti yake. Nikafumba macho penye uchungu, nikanyoosha mkono penye ushindi. Mpiga picha akasema, "Dada unajua!" Nikaamini kwamba najua.

Video ilitoka, mtaa mzima ukaniita "yule wa video." Vijana wa bodaboda pale kona walikuwa wananiimbia nikipita. Dada mmoja alinishika mkono benki, kule Nyamagana, akaniambia wimbo ule ulimvusha kwenye msiba wa mumewe, akalia mbele za watu. Nikampokea. Nikamwambia Mungu ni mwema. Hivi mtu anawezaje kupokea machozi ya mjane kwa sauti isiyo yake, na usiku akalala? Nililala, Mwalimu. Nililala vizuri. Nilikuwa nimejiambia kwamba ile sauti ni yangu ila ilikuwa na mafua.

Akaja yule mgeni. Umeshajua ninakokwenda. Mgeni wa kwaya kubwa ya Dar, mtu mnene mwenye miwani, alipitia kanisani siku moja katikati ya wiki kwa sababu ameiona video na anamtafuta mwimbaji. Ulimtuma mtoto wa jirani aniite. Nilikuja mbio, nimepaka mafuta usoni mpaka nang'aa. Ukaniweka mbele yake, ukasema, "Ndiye huyu." Akaomba niimbe ubeti mmoja tu. Nikaimba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante sana, binti, Mungu akubariki," akamaliza soda yake, akaomba aonyeshwe njia ya kwenda Nyegezi akapande basi.

Nilisubiri simu yake, unajua. Nilikuwa naoga nimeweka simu juu ya ndoo. Wewe ukawa unaniambia watu wa Dar wana mambo mengi, atapiga. Ulinitazama usoni ukaniambia atapiga.

Hata hivyo ulipokufa nililia. Nililia kwa dhati, nisikudanganye. Nilikaa mkekani na wanawake nikiwaza kwamba aliyenijua ameondoka, dunia nzima hakuna tena anayejua mimi ni nani. Kisha mchana wa maziko wakaingia watani wenu.

Nilikuwa naujua utani wa msibani tangu mdogo. Mtani anakuja, anamwigiza marehemu, anazuia jeneza, anawatukana wafiwa, na mwenye kununa anaonekana hana akili. Huyu wa kwenu, mzee Magesa, alikuwa hatari. Sijui nani alimpa koti lako la kaki. Alilivaa, akatundika futi yako ya kupimia shingoni, akaanza kutembea kama wewe, ule mwendo wako wa kubinuka kiuno. Akaenda moja kwa moja kwenye jeneza, akakaa juu ya kiti mbele yake, akasema, "Haendi mtu hapa! Suruali yangu ameniambia njoo Ijumaa, Ijumaa yenyewe haijafika!" Watu wakacheka mpaka mchungaji akageuza uso. Akaanza kuwapima waombolezaji mabega kwa futi, "Wewe njoo Ijumaa, na wewe njoo Ijumaa, na mchungaji wewe ni mnene, njoo Ijumaa mbili." Hata mjane wako alicheka, na ilimsaidia, niliona.

Kisha akageukia mkeka wetu. Akasimama mbele ya Mama Koku. Akafumba macho, akavuta ndewe ya sikio la kulia, akainamisha kichwa upande.

Nilidhani ananiibia kitu changu. Nilidhani labda ulimsimulia habari zangu, na nilikuwa tayari nanyanyuka kumwambia, mzee, hapo usiguse. Akasema polepole, kwa sauti yako kabisa, "Binti, sauti hii..."

Na mkeka mzima ukamalizia. Wote kwa pamoja, Mwalimu, bila kuanzishwa, kama kiitikio. "Haikuumbwa iishie Igogo!" Mama Koku alijifunika kanga usoni akacheka huku analia, mabega yanaruka. Yule bibi wa sauti ya tatu asiye na meno ya mbele, naye. Mke wa mzee wa kanisa, naye. Mama mmoja ambaye aliacha kwaya kabla sijazaliwa alijipiga paja, akasema, "Na mimi aliniambia! Nikaanza kujifunza na Kiingereza!" Wakawa wanasimuliana, huku jeneza lako limesubiri, nani aliambiwa lini, nani alikataa mchumba kwa ajili hiyo, nani alinunua begi. Walikuwa wanacheka kwa upendo, hilo ndilo lililonitia wazimu. Walikuwa wanakupenda.

Mimi nilikuwa nimeketi katikati yao na mdomo wazi. Nilijiona. Sijui nikuelezeje. Nilijiona kwa nje, kama vile nimesimama kule kwenye mlango wa turubai: binti mmoja wa Igogo amekaa mkekani na mabinti wengine wa Igogo, ila wao wameshakuwa wakubwa. Wale niliokuwa nawaonea huruma walikuwa ni mimi. Na wao walikuwa wananitazama muda wote, wananijua, wananingojea nimalize.

Mmoja tu hakuitikia. Mama Sabina alikuwa jikoni kwenye mafiga, anasonga ugali. Alitazama juu mara moja, akarudi kwenye mwiko wake.

Sikwenda mazoezini muda mrefu baada ya hapo. Watu wakasema majonzi. Siku moja mama akanituma nyanya sokoni, nikajikuta mbele ya meza ya Mama Sabina, na kabla hata sijasalimia vizuri nikamuuliza kwa nini hakucheka siku ile. Alikuwa anafuta nyanya kwa kitambaa, moja moja. Akaniambia, na sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo, "Nicheke nini? Mimi hajawahi kuniambia hayo. Mimi alikuwa ananiambia nimeshuka. Sabina umeshuka, rudia. Sabina unavuta pumzi kama unapanda mlima, rudia. Nyie mmeumbiwa sijui wapi, mimi naambiwa rudia. Nilikuwa nalia njiani, Minza. Nilikuwa nawaonea wivu nyie mpaka nataka kuacha kwaya."

Hapo, Mwalimu, nikiwa na mfuko wa nyanya mkononi, ndipo nilipoona yote. Sikuhitaji mtu wa kunielekeza. Mimi ulinisifu mara moja, ukaacha. Miaka yote ile hukuwahi kuniambia rudia. Hukunikosoa hata siku moja. Nilidhani ni kwa sababu sikosei! Ulikuwa huhangaiki na mimi, ndiyo maana. Unamwambia rudia mtu ambaye unaona kuna pa kumfikisha. Sisi wengine ulihitaji tujae mistari, tusikose mazoezi, tuvae sare, na dawa yako ya kutushika ilikuwa sentensi moja, uliyokuwa ukiigawa kama pipi.

Na aliyestahili kuambiwa hukumwambia. Ulimwogopa. Ulijua akiambiwa ataamini, akiamini ataondoka, na akiondoka kwaya yako imekwisha. Ndiyo maana ulimweka nyuma. Ndiyo maana mgeni alipokuja ulimtuma mtoto kwetu juu kwenye mawe, badala ya kumtuma sokoni ambako ni karibu zaidi. Ulijua nitaimba na mgeni atakwenda zake. Ulimficha Mama Sabina nyuma yangu, na mimi nikasimama pale nimepaka mafuta, nikidhani ninaonyeshwa.

Nilimwambia. Nilimwambia pale pale, habari ya mgeni yote, mpaka soda. Unataka kujua alifanya nini? Aliendelea kufuta nyanya. Baadaye akasema, "Kumbe." Akaweka nyanya chini, akachukua nyingine. Halafu akaniuliza, bila kunitazama, "Alikuja kabla ya Neema au baada?"

Neema ni binti yake wa kwanza, ile mimba ya kwenye majabali. Nilijua anapiga hesabu gani. Alikuwa anatafuta kama angeweza kwenda.

"Kabla hujajifungua," nikamwambia. "Mimba changa. Ulikuwa bado unabeba matenga mwenyewe."

Akatikisa kichwa. Akanifungia nyanya zangu, akaongeza moja ya juu, akamgeukia mteja mwingine. Ningefurahi angekutukana. Nilikuwa nimesimama pale nangojea akutukane ili nimsaidie.

Nilirudi nyumbani, mama hayupo, nikafunga mlango wa chumbani, nikachukua simu nikajirekodi. Sikuwahi kufanya hivyo. Fikiria mtu anayesubiri kuitwa na dunia, simu anayo mkononi, na hajawahi hata kujisikiliza! Nilikuwa naogopa, nadhani. Niliimba ubeti wa video. Nikausikiliza, kisha nikafungua video, nikamsikiliza Mama Sabina kutoka kwenye mdomo wangu. Nikarudia kwangu. Ni sauti ya kawaida, Mwalimu. Si mbaya, ni safi kidogo hapa chini, ila juu inabana na kwenye kumalizia inashuka kama alivyokuwa anaambiwa yeye. Ni sauti ya kawaida ya binti anayeimba kwaya. Mtu mwenye masikio angelijua hilo siku ile ya kwanza, na wewe ulikuwa na masikio kuliko wote.

Nikafika na pale ambapo sikutaka kufika. Nilijiuliza kwa nini sikukwambia nifundishe. Miaka yote sikuwahi kuja kwako nikasema, Mwalimu, pale juu panabana, nifanyeje? Wala sikuwa nabaki baada ya mazoezi. Nilikuwa nawahi nyumbani kuhojiwa na jagi. Sikuwa napenda kuimba. Nilipenda kuondoka, nilipenda kutazamwa naondoka, na wewe uliliona hilo usoni mwangu upesi kuliko mama yangu aliyenizaa, ukaliokota, ukalitumia. Nimejikasirikia na mimi, usidhani. Ila mimi nilikuwa na sketi ya shule. Wewe ulikuwa mtu mzima mwenye miwani.

Nilirudi kwaya. Nilirudi kwa hasira, nikakaa mstari wa nyuma, nikavuka mikono. Mama Sabina hakusema karibu, hakusema ulikuwa wapi. Alitusikiliza sauti ya kwanza nzima, akanyoosha kidole. "Minza, hiyo siyo yako. Unajikaba koo bure. Hamia sauti ya pili." Mbele ya watu wote. Nikahamia, masikio yanawaka moto. Akanisimamisha peke yangu. "Umeshuka. Rudia." Nikarudia. "Umeshuka tena." Nikarudia mpaka wengine wakaanza kupiga miayo na Mama Koku akatoa vitumbua kwenye mkoba. Kisha ikafika mahali, sijui ni mara ya ngapi, sauti yangu ikakaa chini ya zile nyingine kama mguu unavyoingia kwenye kiatu chake. Hakuna aliyenisikia mimi. Nilijisikia kifuani, na nikawasikia wote kwa mara ya kwanza, kushoto na kulia, na ule wimbo wako niliokuwa nimesimama mbele yake miaka yote ukawa mzuri. Zamani kila Jumatatu nilikuwa naamka na koo limeniuma, nikidhani ndiyo gharama ya kipaji. Sasa haliniumi tena.

Nimeomba chuo upya. Safari hii naomba hapa hapa Mwanza, nipate kuja mazoezini. Mama amesikia, na siku hiyo alipika wali.

Sasa nisikilize, maana namaliza. Kuna jambo nakuahidi, na najua utalichukia. Yule mgeni wa Dar alimwachia mjane wako, aliyemletea ile soda, kadi yake siku ile, na mjane wako amenipa. Nitampigia. Nitamwambia aliyeimba kwenye video siyo mimi, nitamwambia jina la mwenye sauti na mahali ilipo meza yake. Mama Sabina nimemuuliza kama niache, akasema, "Piga. Nikikataa, nikatae mwenyewe." Akienda, ataacha pengo ambalo hakuna hata mmoja wetu wa kuliziba, na kwaya uliyoipenda kuliko sisi inaweza kusambaratika kabla hujajengewa kaburi. Isambaratike. Ungetaka isisambaratike ungetufundisha wote.

Kwaheri, Mwalimu. Nakuombea ulale vizuri, kwa sababu nimeshindwa kukuombea ulale vibaya; nimejaribu. Jumamosi iliyopita tulipomaliza mazoezi, walinzi wakitaka kufunga ukumbi, niligundua sitaki kwenda nyumbani. Nilitaka turudie tena mara moja. Nilisimama pale na machozi ya hasira, wenzangu wakidhani nimekukumbuka. Nilikuwa nafikiri hivi: alikuwa nacho hiki, alikijua vizuri, tulikuwa naye kwenye ukumbi huu mara mbili kila wiki, na hakunipa.

Minza